Ubongo Uliotulia Haulali: Picha Yake Inatuambia Nini Juu ya Mgonjwa?

Likizo iliyopita mjomba wangu aliniuliza swali nililoshindwa kulijibu papo hapo. Bibi, yaani mama yake mzazi, siku hizi anasahau majina ya wajukuu, na jioni huwaulizia watu waliokwisha kuzikwa. Mjomba alikuwa amesikia kwamba ipo mashine inayochunguza ubongo wa mtu akiwa amelala kimya tu, bila kuulizwa lolote. "Frateri," akasema, "wewe ndiye uko kwenye vitabu. Tukimuuza yule ng'ombe, mashine hiyo itatuambia bibi yako ana nini?" Nilirudi seminarini na swali lake, na tangu hapo nimekuwa nikisoma.

Mashine yenyewe ni MRI, ile yenye sumaku kubwa. Damu iliyobeba oksijeni na damu iliyokwisha kuitoa haziwi sawa mbele ya sumaku. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kuwa tofauti hiyo inaweza kutumika kuupiga picha ubongo ukiwa kazini, maana sehemu inayofanya kazi huletewa damu mpya kwa wingi. Hili tulishike mapema: mashine haioni wazo. Inaona mabadiliko ya damu.

Kwa miaka ya kwanza watafiti walimpa mtu kazi ndani ya mashine, kama kugonga vidole au kusoma maneno, kisha wakatazama ni wapi damu imeongezeka. Yaliyotokea mtu akiwa ametulia, wengi waliyahesabu kuwa kelele tu. Mwaka 1995 Bharat Biswal, akiwa bado mwanafunzi huko Milwaukee, Marekani, alitoa pamoja na wenzake matokeo ya kushangaza. Sehemu ya ubongo inayoongoza mkono wa kulia na ile inayoongoza wa kushoto ziko mbalimbali, lakini mtu akiwa hafanyi chochote, ishara zao zilipanda na kushuka pamoja, polepole sana, chini ya mara moja kwa kila sekunde 10. Ni kama wapiga ngoma wawili walioketi nyumba tofauti na bado wanashika mdundo mmoja. Mtu anaanza kushuku kuwa wanawasiliana.

Tukifikiri vizuri, isingetushangaza sana. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na ukipewa hesabu ngumu matumizi hayo huongezeka kidogo tu. Sehemu kubwa ya gharama hulipwa hata tukiwa tumekaa. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis walieleza juu ya sehemu fulani za ubongo zinazopunguza kazi pale mtu anapopewa kazi ya nje. Sehemu hizo zimehusishwa na kukumbuka yaliyopita, kujifikiria na kuwaza ya kesho.

Hapo ndipo wagonjwa wanapoingia. Njia inayomtaka mtu atulie tu inaweza kuwafikia wale wasioweza kufuata maelekezo: mtoto mchanga, mzee aliyesahau, mtu aliyepoteza fahamu. Mwaka 2004 Michael Greicius na wenzake walilinganisha wagonjwa wa Alzheimer na wazee wazima wa umri kama wao, wakakuta mtandao huo wa utulivu umedhoofika kwa wagonjwa. Mwaka 2010 watafiti wa Liège, Ubelgiji, walikuta kwamba kadiri fahamu ya mgonjwa aliyeumia ubongo ilivyokuwa chini, ndivyo na miunganiko ya mtandao huo ilivyopungua.

Sisi wa falsafa hapa hutega masikio. Descartes alifundisha kuwa roho hufikiri daima. Locke, katika kitabu chake cha 1690, akamkatalia akitaja usingizi usio na ndoto. Je, picha hizi zimempa Descartes ushindi? Nilipoanza kusoma nilidhani hivyo, na nilikosea. Midundo hii imeonekana hata kwa nyani waliopewa dawa za usingizi mzito. Basi mdundo si wazo, na anayeonyesha picha na kusema "tazama, anafikiri" amevuka mpaka wa kipimo chake. Anayesema picha imeifuta roho amevuka mpaka huohuo kutoka upande wa pili. Mtakatifu Thoma wa Akwino, asiye na mashine yoyote, alikwisha kuandika katika Summa kwamba akili yetu katika maisha haya haielewi bila taswira zinazotegemea kiungo cha mwili, na kwamba kiungo kikiharibika kuelewa nako huzuilika. Bibi kutokumbuka jina langu ni jambo ambalo Thoma asingelishangaa.

Nirudi kwa mjomba. Matokeo mengi niliyoyataja yanalinganisha makundi: wagonjwa kwa jumla na wazima kwa jumla. Kumtazama mtu mmoja na kusema ana ugonjwa huu ni jambo lingine. Mwaka 2012 ilionyeshwa kuwa kichwa kikitikisika hata chini ya milimita moja, picha inaweza kuonyesha miunganiko ya uongo, na wanaotikisika zaidi ni watoto na wagonjwa, haohao tunaotaka kuwajua. Mwaka 2022 utafiti mwingine ulionyesha kuwa kuhusisha picha za ubongo na tabia au dalili za watu kwa uhakika huhitaji maelfu ya watu.

Basi nilimpigia simu. Nilimweleza kuwa picha ya kawaida ya kichwa ina kazi yake, daktari akiiagiza, maana inaweza kuonyesha uvimbe au kiharusi cha zamani. Lakini hiyo ya ubongo uliotulia, kwa ugonjwa kama wa bibi, bado ni ya watafiti zaidi kuliko ya familia. Kwanza bibi aonwe na daktari, aulizwe lini alianza kusahau, apimwe kumbukumbu na damu, na dawa anazomeza zikaguliwe. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ng'ombe abaki. Nikamwambia abaki kwanza.