Homa ya mzazi: si kila joto ni malaria



Huku kwetu Tanga, kuanzia Moa na Mkinga mpaka Pangani, mzazi hutunzwa. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na hukaa ndani siku arubaini akiwa na mama yake, mkwewe au shangazi yake. Wengi hudhani hatari imekwisha pale mtoto alipolia. Haijaisha. Hesabu ya vifo vya uzazi duniani iliyotolewa na watafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2014 ilionyesha kuwa, baada ya kutoka damu nyingi na shinikizo la damu, sababu ya tatu ya moja kwa moja ni maambukizi ya bakteria: karibu vifo 11 katika kila 100. Na maambukizi haya mara nyingi hujitokeza mzazi akiwa ameshatoka hospitali, yuko mikononi mwetu.

Basi leo tuangalie ni mzazi gani aliye katika hatari zaidi, kwa nini, na upi wajibu wa watu wa nyumbani.

Vijidudu huingia wapi?

Kondo la nyuma linapotoka, mahali liliposhikana na mji wa mimba hubaki kidonda kibichi. Mlango wa mji wa mimba nao haujafunga, na njia ya uzazi huenda imechanika au imeshonwa. Bakteria walioko ukeni, kwenye njia ya haja kubwa, kwenye mikono ya anayemhudumia au kwenye kitambaa, hupata njia ya kupanda juu. Wakiingia kwenye damu mwili mzima huugua, figo na mapafu hushindwa kazi, na mzazi aliyekuwa akizungumza asubuhi anaweza kuwa mahututi jioni.

Mikono si jambo dogo. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kuwa wodi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti ilikuwa na vifo vingi kuliko wodi ya wakunga. Mwezi Aprili mwaka huo walikufa wazazi 18 katika kila 100. Alipowaamuru wote waoshe mikono kwa maji ya klorini, kufikia Juni wakawa 2 hivi katika kila 100. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku tusidhani udhu unatosha kwa kazi hii. Mikono ya kumhudumia mzazi inataka sabuni na maji yanayotiririka.

Nani yuko hatarini zaidi?

Kabla ya kujifungua:
- Mwenye upungufu wa damu au lishe duni, kwani mwili wake hauna nguvu ya kupigana na vijidudu.
- Mwenye kisukari, unene wa kupindukia au virusi vya UKIMWI.
- Mwenye ugonjwa wa zinaa au maambukizi ya njia ya mkojo ambayo hayakutibiwa.

Wakati wa kujifungua:
- Aliyepasukiwa na chupa mapema, akakaa zaidi ya saa 18 kabla ya mtoto kutoka.
- Aliyekaa na uchungu muda mrefu, akapimwa njia kwa vidole mara nyingi. WHO inashauri kipimo hicho kifanyike kila baada ya saa nne ikiwa uchungu unakwenda vizuri.
- Aliyejifungua kwa upasuaji. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, na ndiyo maana hupewa antibayotiki kabla ya kuchanwa.
- Aliyebakiwa na kipande cha kondo, au aliyetolewa kondo kwa mkono.
- Aliyechanika vibaya, au aliyezalishwa kwa mikono na vifaa visivyo safi.

Mwenye jambo moja kati ya haya si lazima augue. Lakini walio nyumbani wamwangalie kwa jicho la karibu zaidi.

Mila zetu: zipi tuzishike, zipi tuziache

Kumlisha mzazi vizuri, kumpumzisha na kumwondolea kazi ni mambo mema, tuyashike. Kumkanda kiunoni na mgongoni kwa kitambaa cha uvuguvugu hakuna neno, ila maji yasiwe ya kuunguza na tumbo lisiminywe kwa nguvu. Aliyepasuliwa asikandwe kwenye kidonda, na kisipakwe majivu, mafuta wala dawa ya mizizi.

Jambo la kuacha kabisa ni kuingiza kitu ukeni: dawa za kienyeji, chumvi au maji ya dawa kwa ajili ya "kukaza" au "kusafisha". Damu ya nifasi hujisafisha yenyewe. Aoge kila siku, ajioshe kwa nje akianzia mbele kwenda nyuma.

Lipo pia jambo la vitambaa. Wengi hutumia vipande vya kanga kuukuu, kisha kwa haya huvianika chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Kitambaa kilichokauka kivulini na chenye unyevu ni makazi ya vijidudu. Kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani (kikifunikwa kwa kanga nyepesi kama mtu anaona haya), kipigwe pasi, na kibadilishwe mara kwa mara. Pedi nazo zisikae kutwa nzima.

Na arubaini isiwe kufuli. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unataka mzazi aangaliwe katika saa 24 za mwanzo, kisha siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Kukaa ndani ni mila. Kwenda kliniki hakuivunji, wala hakuna uhusiano na hukumu za nifasi.

Joto likipanda

Kwetu pwani, joto la mwili jina lake ni malaria. Lakini utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kuwa kati ya wagonjwa waliotibiwa malaria kali, waliokuwa na vimelea kwenye damu hawakufika nusu; walikuwa 46 tu katika kila 100. Waliobaki walikuwa na maradhi mengine, na baadhi yao hawakupewa antibayotiki. Mzazi mwenye homa apimwe malaria, naam. Kipimo kikisema hana, msirudi nyumbani na panadoli. Semeni wazi: "Huyu amejifungua siku kadhaa zilizopita."

Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo mkiona:
- Joto la nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi.
- Maumivu ya tumbo chini ya kitovu yanayozidi.
- Damu ya nifasi yenye harufu mbaya au usaha, au inayozidi badala ya kupungua.
- Kidonda kuvimba, kutoa usaha au kuachia.
- Titi jekundu, gumu, lenye maumivu pamoja na homa.
- Moyo kwenda mbio, kuhema haraka, mkojo kuwa kidogo.
- Kuweweseka au kutojitambua.

Hili la mwisho tulizingatie. Mzazi akianza kuweweseka, wapo wanaosema amepatwa na shetani, akapelekwa kwa mganga. Bakteria wakiwa kwenye damu, ubongo nao huchanganyikiwa. Anayetaka kumsomea Qur'ani amsomee akiwa njiani na akiwa kitandani hospitali. Kisomo hakizuii sindano. Wala msinunue kapsuli mbili tatu dukani: dozi nusu hutuliza homa kidogo na kuficha ugonjwa.

Neno kwa waume

Ndugu yangu unayekwenda bahari au safari, usimwache mzazi katika nyumba ambayo hakuna anayethubutu kumtoa mpaka wewe urudi. Toa idhini mapema mbele ya mama na wifi, acha nauli, na mjue gari au bodaboda ya nani itaitwa usiku. Mkielekezwa Bombo, nendeni saa ile ile.

Kuhusu sitara, omba mhudumu mwanamke. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu daktari mwanamume kwa dharura. Kumwacha mke aangamie ili asionwe si uchamungu.

Tunafahamu kuwa mwanamke Mwislamu anayefariki kwa uzazi ametajwa miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni faraja kwa waliofiwa. Haikuwekwa iwe udhuru kwa waliokaa wakimtazama. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na kichanga kile ndani ya chandarua kina haki ya kulelewa na mama yake.

Usiku wa leo, kama nyumbani kwako yupo mzazi, muulize mambo matatu: joto, tumbo na harufu ya damu. Muulize tena kesho.

Wabillahi tawfiq.