KUTAFUTA NYUMBA YA WATOTO WADOGO

Kila mwaka wenzetu wa kidato cha 6 hutoka hapa shuleni, na baada ya miaka michache twapata habari kwamba fulani ameoa, fulani amepata kazi mjini, na fulani amehama pamoja na mkewe na watoto. Hapa twafundishwa namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Namna ya kutafuta nyumba hatufundishwi. Nami nadhani ni somo kubwa, maana mimi mwenyewe nililifanyia mtihani nikaanguka, na aliyeadhibiwa kwa kuanguka kwangu alikuwa mtoto wa miaka 2.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Januari 2025 kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi wa magari, alipata kazi katika gereji moja huko Katwe, mjini Kampala. Mkewe na watoto wao wawili, mvulana wa miaka 6 na msichana wa miaka 2, walikuwa bado kwetu Mbale, zaidi ya kilomita 200 kutoka huko. Kaka alifanya kazi tangu asubuhi hata jioni, na usiku akilala kwa rafiki yake. Mimi nilikuwa likizoni. Basi akaniita akaniambia, "Wewe ndiwe msomi wetu. Tafuta nyumba, nami nitalipa." Nilifurahi sana kwa kuaminiwa hivyo.

Nilizunguka siku 3 pamoja na dalali. Siku ya tatu, saa sita mchana, tukashuka bondeni, nikaonyeshwa nyumba ya vyumba viwili. Kodi yake ilikuwa shilingi 180,000 kwa mwezi, na kutoka hapo mpaka gereji ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya toka chini mpaka kiunoni. Nikamsifu mwenye nyumba kwa usafi wake. Mlangoni palikuwa na kizingiti cha saruji, kimo chake kama magoti. Nikadhani ni cha kuzuia kuku. Kwa jirani niliona kitanda kimeinuliwa juu ya matofali. Nikadhani wanaweka mizigo chini yake. Nyuma ya nyumba palikuwa na magimbi na mafunjo, yote mabichi ingawa ilikuwa kiangazi, nikasema moyoni, "Mahali hapa pana rutuba." Kaka akalipa kodi ya miezi 3. Mwezi wa Februari shemeji akaja na watoto, nami nikarudi shuleni.

Bila shaka msomaji amekwisha kujua yaliyofuata. Mvua za masika zilipopamba moto, mwishoni mwa Machi, maji yaliingia usiku. Yalipita juu ya kile kizingiti, yakaharibu unga, yakalowesha godoro na daftari za yule mvulana. Wala hayakuwa maji ya mvua tu, maana yalikuwa yamepita vyooni kwanza. Siku chache baada ya Pasaka yule mdogo akashikwa na homa. Shemeji alidhani ni mafua. Kisha mtoto akaanza kulegea, na midomo yake ikawa myeupe. Alipopimwa alionekana ana malaria, na damu imempungua mno. Akalazwa siku 6, akaongezewa damu. Shule ilipofungwa mwezi wa Mei nilimkuta amekonda, anataka kubebwa tu, naye zamani alikuwa akitukimbia kila tulipotaka kumwosha. Kaka hakunilaumu hata neno moja. Heri angenilaumu.

Jambo lililonitia aibu zaidi ni kwamba habari zote hizi nilikuwa nimezisoma darasani na kupata alama nzuri.

Tuanze na jiografia. Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na katikati ya vilima mna mabonde ambayo zamani yalikuwa vinamasi vya mafunjo. Maji mengi ya mvua hushuka mpaka katika mfereji wa Nakivubo, kisha huenda kuingia Ziwa Viktoria. Kinamasi hufanya kazi kama sifongo: hunywa maji ya mvua na kuyaachia polepole. Lakini watu wakikijaza udongo na kujenga humo, na wale wa vilimani wakiezeka mabati na kutandaza lami, maji hayana mahali pa kuzama. Hushuka yote kwa mara moja. Ndiyo sababu mitaa ya chini kama Bwaise hufurika mara kwa mara. Magimbi na mafunjo niliyoyaona yalikuwa yakinieleza jambo hilo hilo, kwa kuwa mimea hiyo ikiwa mibichi wakati wa kiangazi, maji hayako mbali. Rangi mpya ilikuwa imeficha alama ya gharika ya mwaka uliopita. Kizingiti na matofali ya kitanda yalikuwa yakisema waziwazi, lakini mimi sikusikia.

Tena tutazame biolojia. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mbu wa malaria hutaga katika maji yaliyotuama, na katika nchi za joto kama yetu yai huchukua wiki moja au mbili hata kuwa mbu mzima. Mtu akiisha kuumwa na mbu mwenye vijidudu, homa humtokea baada ya siku kama 10, au wiki 2, au zaidi. Nilihesabu kwa vidole toka usiku wa gharika mpaka Pasaka, nikaona hesabu yalingana. Malaria huwaua hasa watoto walio chini ya miaka 5, kwa sababu miili yao haijapata nguvu ya kushindana nayo. Kwa hiyo madimbwi ambayo kwa kijana wa miaka 19 ni usumbufu tu, kwa mtoto wa miaka 2 ni hatari ya kifo.

Historia nayo inatufundisha. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Viktoria, hasa upande wa Busoga. Watu walikaa ukingoni mwa ziwa kwa sababu nzuri kabisa: palikuwa na samaki, maji na mashamba. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o, na baadaye gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka ukingoni. Hapo twaona kwamba mahali panapompa mtu riziki pengine ndipo panapowaua watoto wake. Kaka yangu naye alivutwa bondeni na riziki, yaani ukaribu wa kazi.

Na mwaka 1854, katika mtaa wa Soho huko London, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 500 kwa muda wa siku chache. Daktari John Snow aliuliza nyumba kwa nyumba mahali watu walipoteka maji, akagundua kwamba wengi walitumia bomba moja la Broad Street, akashauri mpini wake uondolewe. Baadaye ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja karibu na kisima hicho. Mimi nilikuwa nimejifunza habari ya Snow, lakini kule bondeni sikuuliza hata mtu mmoja mahali wanapoteka maji.

Basi mwezi wa Mei kaka akaniambia, "Safari hii nenda na shemeji yako." Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kweli.

Shemeji hakutaka kuona nyumba yo yote kwanza. Tulipanda mteremko wa kilima, akaenda moja kwa moja bombani, wanawake wanapojaza madumu. Akaamkia, akakaa. Baada ya muda akamwuliza mama mmoja mzee, "Mama, mvua ikinyesha usiku, hapa mnalala?" Yule mama akacheka, akasema, "Hapa twalala, binti yangu. Huko chini ndiko wanakokesha." Halafu akauliza watoto wanapopelekwa kuchanjwa, kama kuna siku bomba halitoi maji, na kama mwenye bodaboda hukubali kufika huko saa nane za usiku mtoto akiugua. Kwa nusu saa alijua mambo ambayo mimi na dalali hatukuyajua kwa siku 3.

Tulipoonyeshwa nyumba, akanifunga mtoto mgongoni kwa kanga, akamshika mvulana mkono, akaniambia twende shuleni kwa miguu tuone njia. Tulitembea dakika 12, tukavuka barabara kubwa mara moja tu, mahali penye askari wa kuongoza magari. Toka nyumba ya bondeni mvulana alikuwa akivuka barabara mbili kila asubuhi, na hapakuwa na askari hata mmoja. Siku ya pili, mvua ilipokwisha kunyesha, tukarudi kutazama maji yanapita wapi. Yalipita kwenye mfereji wa kando, nyumba ikabaki kavu. Choo kilikuwa upande wa chini.

Nyumba hiyo ilikuwa na ila zake. Mabati yalikuwa na kutu, chumba kimoja hakikupata mwanga mzuri, na kodi ilikuwa shilingi 250,000. Kaka aliposikia kodi akashtuka. Basi nikachukua kalamu, tukapiga hesabu ya mwezi mmoja. Kule bondeni kodi ni 180,000. Maji, madumu 5 kila siku kwa shilingi 200, ni 30,000. Bodaboda ya kwenda na kurudi kituo cha afya mara 4, ni 16,000. Dawa za dukani, tukichukua wastani wa miezi 3, ni 45,000. Jumla 271,000, nami sikutia unga wala godoro. Kule mlimani kodi ni 250,000 na maji 12,000, maana bomba li uani. Kituo cha afya wafika kwa miguu. Jumla 262,000. Nyumba ya rahisi ilikuwa ghali zaidi.

Ikabaki taabu moja. Toka mlimani kaka angetembea dakika 50 kwenda kazini badala ya 20. Akafikiri kidogo, akamtazama mtoto aliyekuwa amelala, akasema, "Miguu yangu ni mirefu." Wakahama juma lile lile.

Kutokana na hayo nimeandika mambo matano katika daftari langu, nami nawapa ninyi. Kwanza, anayeshinda nyumbani mchana kutwa ndiye anayefaa kuchagua, au walau asichaguliwe asipokuwapo. Pili, itazame nyumba wakati wa mvua; ikiwa ni kiangazi, tazama mimea, kuta na vizingiti, na uwaulize wanawake wa bombani kabla ya kumwuliza dalali. Tatu, uliza maji yatoka wapi na choo ki wapi. Choo cha shimo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka chemchemi au kisima, tena upande wa chini. Nne, tembea njia ya kwenda shuleni na kituo cha afya ukiwa na mtoto mgongoni. Tano, usihesabu kodi peke yake. Hesabu mwezi mzima.

Najua kwamba si kila mtu aweza kulipa shilingi 250,000, na wengi wanaokaa mabondeni wanajua hatari yake kuliko mimi. Mtu akiwa hana budi kukaa huko, basi na anunue chandarua chenye dawa kabla ya kununua kiti, achemshe maji ya kunywa, ashirikiane na jirani kuzibua mifereji kabla ya Machi na Septemba, na mtoto akipata homa apelekwe kupimwa siku ile ile. Shemeji alingoja siku 2, kwa sababu kituo kilikuwa mbali na pesa ya bodaboda ilikuwa imekwisha. Hata kungoja huko kulitokana na nyumba niliyoichagua mimi.

Mwezi wa Agosti nilikwenda kuwasalimu. Homa ilikuwa imemrudia mtoto mara moja, akapimwa na kupewa dawa siku ile ile, akapona. Aliponiona alikimbia kujificha nyuma ya pipa la maji, kama desturi yake ya zamani, nami nikajifanya simwoni.