Gari Likichemka, Uliza Kwanza Linachemka Lini

Najua wenzangu katika Chama cha Kiswahili wamekuandikia juu ya ngeli na methali. Mimi nimeomba nafasi nikupe somo nililolipata chini ya boneti ya gari la babu. Usinicheke. Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu, nami nimeona kwamba hata injini ina mawingu yake.

Gari lenyewe ni Peugeot 504. Aina hii ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na hapa Kenya ikajipatia jina kubwa iliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Lakini kwetu nyumbani sifa yake ni nyingine. Ndilo lililompeleka mamangu hospitalini usiku niliozaliwa mimi, na ndilo linalompeleka nyanya kliniki ya presha kila mwezi.

Mwaka huu mwezi wa Aprili likaanza kuchemka. Sisi tunakaa Limuru, na babu alikuwa akipanda kutoka Mai Mahiu na magunia ya viazi. Geji ya joto ikapanda, mvuke ukatoka. Babu kwa haraka akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalimrukia mkononi, na kovu analo mpaka leo.

Hapo ndipo somo la kwanza. Katika Fizikia tumefunzwa kwamba maji hayachemki kwenye joto moja kila mahali. Mombasa, kando ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 100. Kwetu Limuru, mita zipatazo 2,200 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko cha rejeta huyabana maji ili yastahimili moto zaidi bila kuchemka. Ukikifungua ghafla, ule mbano unaisha, na maji yanageuka mvuke papo hapo usoni pako! Basi ngoja injini ipoe kabisa, hata kama ni saa nzima. Wala usiimwagie maji baridi ingali moto, maana silinda hedi inaweza kupasuka.

Fundi wa kwanza tuliyemwita hakushika hata spana. Alitazama tu, akatikisa kichwa. "Mzee, hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Injini imekwisha." Bei aliyotaja ilimnyamazisha babu mpaka jioni. Kesho yake akaja mnunuzi wa vyuma vikuukuu, wakapatana arudi Jumatatu na lori. Nyanya hakusema neno, ila nilimwona akilipangusa vumbi lile gari kama anayeliaga.

Mimi Jumamosi humsaidia fundi mmoja wa jua kali, mzee mpole. Nilimweleza yote huku sauti ikinitetemeka. Akaniuliza swali moja tu: "Kijana, linachemka lini?"

Sikuwa na jibu. Akanifundisha hivi:

Kwanza, tazama kama maji yapo. Injini ikiwa baridi, kagua rejeta, mipira na pampu ya maji kama kuna mahali panapovuja. Kagua pia kama mkanda umelegea.

Pili, likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, shuku themostati iliyokwama, au gasketi. Likichemka ukienda kasi barabara nzuri, shuku rejeta iliyoziba kwa kutu. Likichemka likienda polepole, kwenye msongamano au mlimani, lakini likapoa likishika kasi, basi linakosa upepo. Mwenye kazi ya upepo ni feni.

Tatu, gasketi usiihukumu bila ushahidi. Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa? Ekzosi inatoa moshi mweupe usiokoma? Rejeta inatoa mapovu mfululizo injini ikinguruma?

Nilikimbia nyumbani kumuuliza babu. Akafikiri. "Barabara kuu halina neno. Ni mlimani tu, na kwenye jam."

Jumapili mchana yule mzee akaja. Oili ilikuwa safi. Mapovu hayakuwako. Themostati tuliitia kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la nyanya, ikafunguka vizuri kabla maji hayajachemka. Tukabakiwa na feni.

Feni ya 504 ya babu haizungushwi na mkanda kila wakati. Ina sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto hupitisha umeme, na umeme huifikia sumaku kupitia kipande kidogo cha kaboni. Sumaku huinasa feni, ikazunguka. Maji yakipoa, huiachilia.

Tulipoiunganisha swichi kwa waya mfupi, feni haikunaswa. Taa ya kupimia ikaonyesha kwamba umeme unafika mpaka kwenye kaboni. Mzee akaichomoa, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa imelika, imebaki fupi kama kucha, haigusi tena. Alikuwa na nyingine katika kopo la vipuri. Tukaitia, tukawasha, tukangoja geji ipande. Mara, tak! Feni ikanaswa na upepo ukanipuliza usoni. Nyanya akapiga kigelegele.

Jumatatu lori lilikuja, likarudi tupu.

Msomaji mwenzangu, simlaumu sana yule fundi wa kwanza. Hata sisi darasani hukimbilia jibu kabla ya kulisoma swali lote. Joto la injini ni dalili tu, na dalili moja yaweza kuzaliwa na magonjwa mengi. Anayebahatisha huanza na kile cha bei ghali. Anayeuliza huanza na kile rahisi kupimwa, na mara nyingi safari yake huishia hapo.

Kwa hayo machache nakomea hapa. Kwenu kuna gari kuukuu limesimama uani? Kabla halijauzwa kwa kilo, muulize mwenyewe: linachemka lini?