Dondoo muhimu: Kwa boti kwenye Mto Wami

Ukiwa Fukayosi, wilayani Bagamoyo, usitafute mto unaopita kati ya majabali. Mito ya huku hutambaa kwenye tambarare. Safari nzuri ya boti ipo kwenye mdomo wa Wami, ndani ya Hifadhi ya Taifa Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005.

Uliza maji kwanza. Nahodha anayejua kazi yake huanza na hilo kabla ya bei. Maji yakijaa, boti huvuka mafungu ya mchanga bila shida na kuingia ndani, mikoko ikibanana kila upande. Yakitoka, mnaweza kukwama, ila tope hubaki wazi na hapo ndipo mamba hujianika, mdomo wazi. Mimi ningeondoka maji yanapoanza kujaa: unaona yote mawili. Saa ya kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huwa kubwa zaidi.

Viboko. Usimhimize nahodha asogee ili upate picha. Kiboko akizama, boti isikatize pale alipozamia. Mkono usining'inie nje.

Jaketi okozi livaliwe tangu ukingoni, mikanda imefungwa. Simu itie kwenye mfuko maalumu usiopitisha maji. Usitumie rambo, yaani mifuko ya plastiki: zilipigwa marufuku mwaka 2019. Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA, kiingilio chake ni nafuu kuliko cha mgeni. Masika, Machi hadi Mei, ahirisha: udongo mweusi wa barabara za hifadhini hunasa magari.