Kupima Unene wa Misuli ya Moyo: Je, Namba Zaaminika?

Shinikizo kubwa la damu linapodumu miaka mingi, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na ukuta wa ventrikali ya kushoto huzidi kuwa mnene. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukuta huo una milimita 6 hadi 10 hivi moyo unapokuwa umetanuka.

Unene huo waweza kupimwa kwa picha za CT. Hisabati ya picha hizo ilichunguzwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Naye Godfrey Hounsfield wa Uingereza aliunda mashine iliyompiga mgonjwa picha mara ya kwanza mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mathalani, mkazi wa Lutindi, wilayani Korogwe, apimwa Dar es Salaam na kuambiwa milimita 12. Mwaka unaofuata aambiwa 13. Je, ugonjwa umezidi, au ni kosa la upimaji? Jibu laweza kubadili dawa zake.

Makosa yana vyanzo vitatu. Kwanza, moyo hautulii: ukuta huwa mnene zaidi unaposinyaa. Kwa hiyo picha hulinganishwa na mapigo kwa elektrokadiogramu. Pili, picha imegawanyika katika vimraba. Upana wa milimita 200 ukigawanywa kwa vimraba 512, kila kimoja huwa na milimita 0.4 hivi. Tatu, wapimaji wawili huenda wasichore mpaka wa ukuta mahali pamoja, ingawa dawa ya iodini huing'arisha damu ili mpaka uonekane.

Kosa dogo hukua. Chukulia kuwa ventrikali ni tufe lenye uwazi wa nusukipenyo milimita 25 na ukuta wa milimita 10. Ujazo wa misuli ni 4/3 π (35³ − 25³), yaani sentimita za ujazo 114. Ukuta ukisomwa 11, ujazo huwa 130. Kosa la asilimia 10 limezaa kosa la asilimia 14.

Zoezi: Wanafunzi watatu wakate chungwa katikati na kutia alama mahali pamoja. Kila mmoja apime unene wa ganda hapo mara tano, bila kuona majibu ya wenzake. Badiliko lililo dogo kuliko tofauti za majibu yao halithibitishi kitu. Kisha wajadili: rula iliyolika mwanzoni yaweza kuwapa wote jibu moja, nalo lisiwe sahihi. Kupatana si usahihi.