Sindano ya Ganzi Shingoni: Je, Inaponya Madhara ya UVIKO-19?

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Hata hivyo wapo waliougua, homa ikaisha, lakini nguvu hazikurudi. Kazi ndogo huwalaza siku mbili. Wakisimama, moyo huenda mbio. Husahau mambo ya jana. Wengine husikia vitunguu na nyama vikinuka kama kitu kilichooza, hata wakashindwa kula. Huo si uvivu wala kurogwa. Ni hali inayotambuliwa na Shirika hilo.

Siku hizi inasikika habari ya sindano ya shingoni inayotibu hali hiyo. Kabla familia haijauza ng'ombe au shamba kuitafuta, tujifunze ukweli wake.

1. Sindano hii ni nini?

Chini ya shingo, kila upande, lipo fundo la mishipa ya fahamu lenye umbo kama nyota. Hupitisha amri za kuharakisha moyo, kubana mishipa ya damu na kutoa jasho. Ndiyo mishipa inayotushtua tukikutana na nyoka. Baadhi ya madaktari wanafikiri kwamba kwa wagonjwa hawa mishipa hiyo hubaki imeshtuka hata baada ya hatari kupita. Daktari, akiongozwa na picha ya ultrasaundi, huingiza dawa ya ganzi karibu na fundo la upande mmoja. Dawa huisha nguvu baada ya saa kadhaa. Tumaini ni kwamba mishipa ikitulizwa itarudia utaratibu wake. Sindano yenyewe si ngeni: imetumika miaka mingi kutuliza maumivu makali ya mkono.

2. Imeonyesha nini?

Mwaka 2022 Luke Liu na Deborah Duricka wa Alaska, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa wawili waliopata nafuu. Wawili tu. Novemba 2023 madaktari wa Philadelphia walieleza habari za watu 54 wenye tatizo la harufu. Walipata majibu ya 37. Kati yao 22 walisema wamepata nafuu baada ya wiki moja. Hilo linatia moyo, lakini 15 hawakupata nafuu, na 17 majibu yao hayakupatikana. Tena, wengi hupata nafuu polepole bila sindano yoyote, na mtu aliyedungwa kwa matumaini makubwa huweza kujisikia afadhali kwa ajili ya matumaini hayo. Kwa hiyo hii bado ni tiba ya majaribio, haijathibitishwa.

3. Ina hatari gani?

Kwa saa chache kope hulegea, jicho huwa jekundu, sauti hukauka na kumeza huwa kugumu. Hayo hupita. Mgonjwa asile mpaka sauti na kumeza virudi sawa. Hatari kubwa hutokea mara chache: dawa kuingia katika mshipa wa damu na kuleta degedege, damu kuvuja shingoni, au pafu kutobolewa. Kwa hiyo ni kazi ya daktari aliyefundishwa, hospitalini, penye vifaa vya kuokoa maisha. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima aseme mapema. Msikubali kudungwa shingo zote mbili siku moja.

4. Tufanye nini nyumbani?

- Kwanza apimwe. Kifua kikuu, upungufu wa damu, kisukari na ugonjwa wa moyo huleta uchovu wa namna hiyo, na vina tiba inayojulikana.
- Agawe kazi zake, apumzike kabla hajachoka. Kumlazimisha huweza kumrudisha nyuma.
- Mwenye tatizo la harufu anuse karafuu, limau, waridi na mkaratusi, kila kimoja sekunde 20 hivi, asubuhi na jioni, kwa miezi kadhaa. Zoezi hili halina gharama kubwa.
- Akiahidiwa sindano, aulize: Nani atadunga? Kwa picha gani? Likitokea baya, mtafanya nini? Asiyeweza kujibu, asiguse shingo ya mtu.

Maswali ya kujadili katika familia

Je, yupo kwetu aliyeitwa mvivu kumbe ni mgonjwa? Nani atampeleka kupimwa wiki hii?