Kijana amepewa kijani, mimi bado njano

*Mshauri, nina miaka 38 na nachuma chai karibu na Litein. Huu ni mwaka wa pili nacheza judo na bado nafunga mkanda wa njano. Kijana niliyeanza naye amepewa wa kijani kwa sababu anashinda mashindano. Magoti yangu hayawezi mashindano. Je, nimekwama?*

Ndugu yangu, hujakwama. Mashindano ni njia moja tu ya kupanda. Uingereza, anayetafuta mkanda mweusi aweza kukusanya pointi 100 kwa kushinda wenzake, au kufanya mtihani wa ufundi. Kodokan ya Tokyo, chuo alichoanzisha Jigoro Kano mwaka 1882, hudai kata pia, yaani miondoko iliyopangwa, kwa dani ya kwanza, ngazi ya mwanzo ya mkanda mweusi: mitupo tisa ya Nage-no-kata, kila mmoja kulia na kushoto. Hapo utulivu wa mtu mzima ni mali.

Kwa hiyo muulize kocha: mtihani wa mkanda wa chungwa unataka nini hasa, na ngazi yangu itaandikishwa kwenye chama cha taifa? Usilipe hata shilingi kabla hajakujibu. Mkanda wowote huuzwa dukani.

Kwa magoti yako, achana na mitupo ya kujiangusha magotini. Shika de-ashi-barai: unaufagia mguu wa mwenzako unapokaribia kutua, kabla haujabeba uzito. Kinachotakiwa ni wakati, si nguvu. Chini, jenga kesa-gatame: mkono mmoja umezunguka shingo yake, kwapa la pili limebana mkono wake, kichwa chako umeinamisha. Mwambie apambane kweli kweli. Ukimzuia sekunde 20, mashindanoni hiyo ni ippon, ushindi kamili.

Rangi zisikuumize. Zilienea Ulaya, hasa kupitia Mikonosuke Kawaishi huko Paris miaka ya 1930. Japani watu wazima wengi hubaki na mweupe mpaka wafikie kahawia. Naye Kiplangat Sang, alipoiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya London 2012, alipangwa kwa uzito, kilo 90, si kwa mkanda.

Siku uliyoinamia majani kutwa, usiingie randori, yaani pambano huru la mazoezi; mgongo umeshachoka. Fanya mazoezi ya kuanguka, kisha kata, na umwombe kijana huyo awe mwenzako. Naye atazihitaji kata hizo akifika kwenye mweusi.